Kona Kumi na Nne za Tulwet

Siku ya Jumatano, ambayo si siku kubwa ya soko mjini Bomet, Drusilla alisimama mbele ya kibanda cha mitumba cha Bilhah akichagua suruali za mtoto. Alichagua moja ya miaka sita, moja ya miaka tisa, moja ya kumi na mbili na moja ya kumi na tano, kisha akaomba moja ya mwanamume mzima, kiuno cha thelathini. Mtoto mwenyewe, Kipkurui, alikuwa na miaka minne. Alikuwa amekaa juu ya robota la nguo akila ndizi.

Bilhah hakuuliza suruali zote hizo ni za nini. Alizipokea moja moja, akazikunjua na kuangalia pindo.

"Unampandisha Tulwet," alisema.

"Jumamosi."

"Basi rudisha hizi za zipu. Chukua za lastiki. Kuna mama wa Chepseon alimpandisha kijana wake na jinzi, ikapasuka katikati ya njia. Alishuka amejifunga sweta kiunoni." Aliinama chini ya meza akatoa nyingine. "Na Maxine?"

"Maxine pia."

"Magauni hayana shida. Nitakupatia makubwa, unamfunga na leso, unaendelea kufungua." Alipomaliza kupanga nguo kwenye mfuko aliongeza pakiti ya pedi, na viatu vya kiume namba nane ambavyo Drusilla hakuwa ameviomba.

Tulwet ni kilima kidogo nyuma ya Merigi. Jina lenyewe kwa Kikipsigis lina maana ya kilima tu. Waliokipa jina hawakuona haja ya kuongeza neno. Mtu mzima mwenye afya hufika kileleni kwa saa moja. Njia yake ina kona kumi na nne, na katika kila kona mtoto anayepanda kwa miguu yake mwenyewe huongeza mwaka mmoja. Anayebebwa haongezi kitu. Mtu aliyekwisha kukua haongezi kitu ila uchovu, na kushuka hakurudishi chochote. Zamani watu walipandisha ndama, wakashuka na ng'ombe wazima, lakini ng'ombe hao hawakuwa na maziwa kwa sababu walikuwa hawajawahi kuzaa, tena walitetemeka wakiona mto, kwa hivyo mifugo ikapigwa marufuku. Shule nazo ziliacha kupeleka watoto matembezi huko kwa sababu ya sare.

Drusilla alikuwa na miaka thelathini na minne. Tangu Februari ugali ulikuwa ukimkwama kooni. Mwezi wa Aprili hata viazi vilivyopondwa vilikataa kushuka, na kufikia Julai alikuwa akiishi kwa uji mwepesi na mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu, ambayo aliyanywa kwa kijiko. Daktari alimweleza polepole kwamba kansa ya koo ilikuwa imefika kwenye ini. Drusilla aliuliza kama angeiona Krismasi. Daktari alimwambia apange mambo yake kama mtu ambaye hataiona.

Kutoka hospitalini alienda moja kwa moja kwa shemeji yake Weldon. Mume wa Drusilla, Kiplangat, alikuwa amekufa miaka mitatu kabla, Kipkurui akiwa bado hajaanza kutembea, na tangu wakati huo Weldon ndiye aliyekuwa akichuma majani chai kwenye ekari mbili za ndugu yake na kuyauza kwa jina lake mwenyewe. Hakuwa ameficha jambo hilo. Mbele ya wazee wa ukoo na naibu wa chifu alisema kwamba analinda tu, maana shamba haliwezi kuwekwa mkononi mwa mwanamke anayeweza kuolewa kwingine kesho. Siku mtoto wa Kiplangat atakapokuwa mtu mwenye kitambulisho, alisema, atamwachia kila kichaka. Wote walitikisa vichwa kukubali na maneno hayo yakaandikwa.

Drusilla alimkuta anakamua.

"Shemeji, nimekuja kukukumbusha ulichosema."

"Nakumbuka. Kijana akipata kitambulisho."

"Nitampandisha Tulwet."

Weldon aliendelea kukamua mpaka chuchu aliyoishika ikakauka, akahamia nyingine. "Panda," alisema. "Mlima si wangu."

Kulikuwa na njia nyingine. Wakili mmoja mjini alikuwa amemwambia Drusilla kwamba sheria iko upande wake kabisa, na kwamba kesi kama hiyo, ikienda vizuri, huchukua miaka mitatu.

Jumamosi waliondoka nyumbani umande ukiwa bado kwenye majani. Drusilla alimfunga Kipkurui mgongoni, akashika mfuko wa nguo mkono mmoja na kikapu cha chakula mkono wa pili. Maxine, mwenye miaka minane, alibeba chupa ya uji. Walipita kati ya mistari ya chai, wakavuka daraja la mbao, wakafika kwenye kizuizi cha msitu ambapo mlinzi, mzee wa Kisii aitwaye Kebaso, aliweka kitabu cha wageni juu ya gogo.

"Jina na umri wa kupanda," alisema Kebaso. Aliandika. "Wakishuka tutajaza huku. Mmebeba chakula, mama? Wale wadogo hushuka na njaa mbaya."

"Tumebeba."

Kebaso alimtazama mifupa ya shingo, akafunga kitabu. "Nenda polepole," alisema. "Mlima hauendi mahali."

Kuna jambo moja ambalo Drusilla alikuwa amelifikiria usiku mwingi, nalo ni kwamba miaka ya Tulwet huja mitupu. Mwili hukua na akili hukua, lakini ndani ya akili hamna kitu isipokuwa kile mtoto alichopanda nacho. Kwa hivyo alikuwa ameandika orodha kwenye daftari la Maxine la hesabu. Kila kona angempa mtoto kitu kimoja cha mwaka ule, ili asifike juu akiwa kama nyumba iliyojengwa ikaachwa bila hata kiti.

Kona ya kwanza ilikuwa kwenye mwerezi ulioanguka. Alimshusha Kipkurui, akamsimamisha kwenye udongo.

"Tembea," alimwambia.

Mtoto akatembea. Alipoupita mwerezi alikuwa na miaka mitano na suruali yake ilikuwa imepanda juu ya vifundo. Drusilla alipiga magoti, akamhesabisha vidole vyake mpaka kumi, kisha mpaka ishirini kwa vidole vya Maxine. Huo ulikuwa mwaka mzima wa chekechea. Kwenye kona ya pili jino la mbele lilimtoka na jipya likaota kabla hajamaliza kulitema lile la zamani. Drusilla alimweleza kwamba jino hurushwa juu ya paa, na kwa kuwa paa halikuwapo walilirusha kwenye mti.

Kona ya tatu Maxine aliketi juu ya jiwe. Alikuwa sasa na miaka kumi na moja, magoti yametokeza, gauni la kwanza la Bilhah limemkaa sawasawa.

"Mum, mimi nimefika," alisema.

"Bado kona kumi na moja."

"Zangu zimetosha."

Drusilla alidhani amechoka, akamwonyesha chupa ya uji. Maxine akakataa kwa kichwa.

"Tabby alisema muhula wa tatu ni mimi nitashika kamba tukiruka. Nikienda mpaka juu nitakuwa na ishirini na mbili. Hatanipatia kamba."

"Nani atamwangalia ndugu yako?"

"Si atakuwa mkubwa?" alisema Maxine. "Yeye ataniangalia."

Drusilla alisimama akiwa ameshika mfuko. Alikuwa amepanga mambo yote ili asiache mtoto mdogo nyuma yake, kwa sababu mtoto mdogo angekula mkononi mwa Weldon. Angeweza kumvuta Maxine kwa mkono. Nguvu ya kufanya hivyo bado alikuwa nayo asubuhi ile. Lakini mkono haukuinuka. Alitambua, na akaona haya, kwamba furaha ndogo ilikuwa imemwingia kifuani kwa kujua kwamba mtoto wake mmoja amekataa.

Alimwachia nusu ya mkate, magauni yake yote na nguo zilizokwisha kuvuliwa, akachukua chupa ya uji. "Usitoke hapa kwenye jiwe," alimwambia. "Ukisikia baridi vaa zote."

Wakaendelea wawili. Kona ya nne, Kipkurui akiwa na minane, Drusilla alivunja kijiti akamwandikia herufi ya jina lake ardhini. Kijana aliinakili mara tatu, ya tatu ikatoka vizuri. Drusilla alitaka kumfundisha jina lote, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kukatika, na pumzi nazo alihitaji kuzigawa. Akaipunguza orodha kichwani, akaacha kusoma, akaacha hesabu ya kujumlisha, akaacha baiskeli.

Kona ya tano kijana alianza kukimbia mbele, maana miguu ilikuwa mipya na ilimfurahisha.

"Usikimbie," Drusilla alimwita. "Kila mwaka nataka niuone."

Alirudi akatembea kando yake. Drusilla alimtazama kwa pembeni muda wote, kama mtu anayeangalia sufuria ya maziwa motoni. Hata hivyo hakuwahi kuiona saa yenyewe ya kubadilika. Alifumba jicho, na mashavu yakawa yamepungua.

Kona ya sita alikuwa na miaka kumi, akauliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Swali hili Drusilla alikuwa amelitengea kona mbili. Alimwambia kwamba Kiplangat alipiga mluzi akichuma chai, kwamba aliogopa sindano, kwamba alipanda vichaka vyote vya upande wa mto kwa mikono yake mwaka ule Maxine alipozaliwa. Alimwambia pia kwamba alikufa ndani ya lori la majani lililopinduka mteremkoni. Kijana aliyapokea yote bila kulia. Hakuwa na kumbukumbu yoyote ya kuyaweka pamoja nayo.

Kwenye kona ya saba alilingana na dada yake kwa umri, na kwenye ya nane akampita, naye Maxine akiwa chini kwenye jiwe lake anakula mkate. Ukungu ulikuwa umeshuka. Kipkurui, mwenye miaka kumi na miwili, alisimama ghafla na kumgeukia mama yake.

"Kwa nini tunafanya hivi?"

"Ili upate kitambulisho. Ili shamba lirudi."

"Si ungengoja nikue?"

Drusilla alimngojea aelewe mwenyewe. Haikuchukua muda. Umri ule huelewa haraka.

"Unakufa," alisema kijana.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Kabla ya Krismasi."

Aliangalia njia iliyotoka chini, kisha iliyokwenda juu. "Na nikisema nataka kurudi?"

"Tutarudi. Utakuwa na kumi na miwili, na shamba litabaki kwa baba yako mdogo."

Kipkurui aliokota jiwe akalitupa kwenye ukungu, wakasubiri wote wawili kusikia likianguka, wasisikie. Kisha akachukua mfuko wa nguo kutoka mkononi mwa mama yake, akaenda mbele. Kwenye kona ya tisa alitaka kusema kitu na sauti ikamvunjika katikati ya neno. Neno likaanza la mtoto likaisha la mwanamume. Hakulirudia.

Kona ya kumi Drusilla aliketi chini kwenye matope. Hakuanguka, aliketi. Mvua nyembamba ilikuwa imeanza. Alijaribu kunywa uji vijiko viwili, ukarudi. Alijaribu kusimama, magoti yakakataa, akajaribu tena akiwa ameshika mzizi, na mzizi ukang'oka. Kilele hakikuonekana, ila alijua zimebaki kona nne, na kwamba mwanawe akiwa na kumi na minne hawezi kupewa kitambulisho na mtu yeyote.

"Nenda peke yako," alimnong'oneza. "Ukifika juu kabisa, rudi."

Kipkurui alisimama na suruali yake ya lastiki, mikono mirefu isiyojua pa kuwekwa. "Sijawahi kwenda mahali peke yangu," alisema.

Ilikuwa kweli. Hakuwahi hata kutumwa dukani. Drusilla aliufunika uso kwa leso, na kwa mara ya kwanza tangu Februari akalia, bila sauti, kwa kuwa sauti ilikuwa imekwisha kwenye kona ya nane. Alilia kwa sababu alikuwa ameharibu miaka kumi ya mtoto na angeifikisha nusu, na nusu haikuwa na kazi yoyote.

Kijana alimwangalia. Kisha akageuka, akachuchumaa na kumpa mgongo, kama alivyokuwa amemwona yeye akifanya kila siku ya maisha yake.

"Panda," alisema.

Alimbeba. Kati ya kona ya kumi na ya kumi na moja alisimama mara tano kupumzika. Kati ya kumi na moja na kumi na mbili mara mbili. Baada ya hapo hakusimama. Alisema mama yake anazidi kuwa mwepesi, na Drusilla, shavu lake likiwa kwenye shingo ya mwanawe, alihisi ngozi ile ikikaza, mabega yakipanuka chini ya mikono yake na ndevu za kwanza zikimkwaruza kifundo cha mkono. Alikuwa na maneno yaliyobaki kwa ajili ya kona hizo nne. Alitaka kumweleza kuhusu wasichana, kuhusu pombe, na namna ya kuongea na watu wakubwa ukiwa na haki na wao hawataki kukusikia. Alisogeza mdomo kwenye sikio lake. Kilichotoka kilikuwa pumzi tu.

"Nimesikia," alisema Kipkurui, kwa heshima, ingawa hakukuwa na cha kusikia.

Kileleni ukungu ulikuwa chini yao na jua liliwaka. Alimshusha mama yake kwenye nyasi. Drusilla alimtazama: alikuwa na uso wa Kiplangat, ila macho hayakuwa na uzoefu wowote, yalikuwa yakitazama mende mweusi aliyekuwa akipanda unyasi. Alimvisha viatu namba nane. Vilimbana kidogo.

Alikuwa na njaa ya miaka kumi na minne. Alikula ugali wote uliokuwa kikapuni, mayai yote na mkate uliobaki, akainua kikapu akatazama ndani. Drusilla alipenda kumwona akimeza. Alifuata kila tonge kwa macho likishuka kooni mwake bila kukwama.

Ukungu ulipofunguka waliona bonde lote: mabati ya Merigi, moshi wa kiwanda cha chai, na chai yenyewe kila upande.

"Letu ni lipi?" aliuliza.

Drusilla alinyoosha kidole kuelekea mto. Katika ekari zile mbili watu watano walikuwa wakichuma, na vikapu vyao vilikuwa vimejaa.

Walimpitia Maxine kwenye jiwe. Alikuwa amevaa nguo zote alizoachiwa, moja juu ya nyingine, na mbili kichwani.

"Umekuwa mrefu," alimwambia Kipkurui.

"Wewe umebaki," alisema ndugu yake.

"Mimi nimebaki." Alimpa mkono, kwa mazoea ya kuvuka naye njia, na Kipkurui akaushika kwa mazoea yaleyale, na kwa kuwa mama yao alikuwa mgongoni waliteremka hivyo.

Kebaso alifungua kitabu. Kwenye safu ya pili aliandika kumi na minane, na kwa Maxine kumi na moja. Alimgeuzia Kipkurui kitabu atie sahihi. Kipkurui akaandika herufi moja, ile aliyoijua. Kebaso akasubiri, kisha akasema inatosha.

Kitambulisho hakikuwa na shida. Karani alilinganisha cheti cha kuzaliwa na ukurasa wa kitabu cha msitu, akauliza kama ni Tulwet ya Merigi, akagonga muhuri. Kilitoka Oktoba. Maxine alirudi Gredi ya tatu, kwa sababu mwalimu mkuu alisema mwili si masomo, na wakati wa mapumziko ndiye aliyeshika kamba.

Siku kitambulisho kilipofika, Drusilla alivaa gauni la kanisani, Kipkurui akambeba mpaka kwa Weldon. Naibu wa chifu alikuwepo, na wazee watatu. Weldon aliwakaribisha vizuri. Mkewe alileta chai, na kwa Drusilla akaleta maziwa yaliyochujwa, maana habari za koo lake zilijulikana. Weldon alikipokea kitambulisho kwa mikono miwili, akakisoma mbele na nyuma.

"Iko sawa," alisema. Alikipitisha kwa wazee. Nao wakasoma, wakasema iko sawa.

"Basi," alisema naibu wa chifu.

"Basi," alisema Weldon. "Mimi sikatai nilichosema. Nilisema awe mtu na awe na kitambulisho. Kitambulisho ni cha serikali, nimekiona. Lakini shamba ni la ukoo. Huyu kijana hajaenda jandoni. Kwetu hapa, hata mkiniuliza, mtu ambaye hajaenda jandoni ni mtoto."

Wazee walitazama chai yao. Mmoja akasema, bila ubaya, kwamba ni kweli.

Maxine, aliyekuwa ameketi chini karibu na miguu ya mama yake, aliuliza watoto huenda jandoni lini. Mzee akamjibu kwamba ni Desemba, shule zikifungwa.

"Na nani anampeleka?"

"Baba yake. Kama baba hayuko, ndugu ya baba."

"Ni mimi," alisema Weldon. "Mimi ndiye nitampeleka. Si mwaka huu, mwaka huu nina mambo mengi. Lakini nitampeleka, wala hakuna haja ya haraka. Bado ni mdogo."

Watu wote wakamgeukia Drusilla, kwa kuwa ilikuwa zamu yake kusema. Alikuwa na la kusema. Lilimjaa kifuani, likapanda, likafika pale palipoziba. Alifungua mdomo wakamsubiri kwa adabu, muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, hata kijiko cha mtu kikagonga kikombe. Kisha naibu wa chifu akasema kwamba anaona wameelewana, akaomba mmoja wa wazee afunge kwa maombi.

Drusilla alizikwa Novemba, siku ya mvua, upande wa juu wa nyumba yake. Mhubiri alisoma majina ya watoto aliowaacha, Kipkurui wa kumi na minane na Maxine wa kumi na moja, akamshukuru Mungu kwamba mama huyu hakuacha watoto wachanga. Waombolezaji waliitikia amina. Desemba Weldon alisema nyumba yenye kaburi jipya haipeleki mtu jandoni, akataja mwaka ujao, na wazee wakaona ana hoja.

Januari alimpa Kipkurui kikapu. Kijana aligeuka kuwa mchumaji mzuri, mikono mirefu, majani mawili na chipukizi bila kuvunja bua, na aliyachuma yale ya upande wa mto pamoja na wengine watano, wakayapeleka kituo cha kupokelea chai kwa jina la Weldon. Wachumaji walimpenda. Hakuwa na maneno mengi, na kila kitu walichomsimulia alikuwa akikisikia kwa mara ya kwanza.

Shida yake ilikuwa moja tu. Kila siku baada ya chakula cha mchana, usingizi ulimkamata palepale alipo, akalala kati ya mistari ya chai, kidole gumba mdomoni, miguu ikitokeza njiani. Weldon alijaribu kumwamsha siku za mwanzo, akaacha. Siku za Jumamosi Maxine alikuja akakaa kando yake kumfukuzia nzi na kuangalia mtu asimkanyage mkono. Wachumaji wakifika hapo walihama mstari, wakamzunguka, wakaendelea kuchuma upande wa pili.